Mkanda wa injini hukatika bila kubisha hodi

Tuseme umepata gari. Umejinyima miaka kadhaa, umechukua mkopo katika chama cha akiba, na sasa umesimama mbele ya gari la mtumba linaloitosha jamaa yako. Rangi inang'aa. Mama watoto amelipenda, na watoto wamekwisha kugawana viti. Dalali naye hana shida na maneno: "Mzee, hili lilikuwa la mwalimu mmoja kule Ujapani, alikuwa akienda nalo dukani na kurudi." Mita inaonyesha kilomita 78,000.

Aghalabu watu huuliza habari za breki, za gia na za mafuta. Swali moja husahaulika, nalo ndilo linaloweza kuigharimu jamaa injini nzima: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?

Hebu kwanza tuelewane kuhusu mkanda wenyewe. Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka, na vali zinazofunguka na kufungika ili kuingiza hewa na kutoa moshi. Pistoni zimeshikana na kranki huko chini, na vali husukumwa na kamshafti huko juu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti sharti izunguke mara moja, bila kukosea hata jino moja. Katika injini nyingi, kinachoziunganisha mbili hizo ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, uliofichwa nyuma ya kifuniko. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 25 kwa sekunde moja. Mpira huo ndio unaohimili kazi hiyo yote, mwaka nenda mwaka rudi.

Siku ukikatika, kamshafti husimama hapo hapo na kuacha baadhi ya vali zikiwa wazi, ilhali pistoni zingali zinapanda. Katika injini nyingi, na hasa za dizeli, vyuma hivyo hugongana. Vali hupinda, na mara nyingine pistoni hutoboka au kuvunjika. Injini huzima papo hapo, usukani huwa mzito, na breki hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu kabla ya kuwa ngumu kama jiwe. Fikiria hayo yakikupata usiku ukiteremka kuelekea Mai Mahiu, watoto wamelala kiti cha nyuma na trela la mizigo li kisogoni mwako.

Ziko injini zenye bahati. Baadhi ya zile za petroli za miaka ya 1990, mathalani 4A-FE ya Toyota, zimeundwa kwa namna ambayo vali na pistoni hazifikiani, hivyo mkanda ukikatika gari huzima tu. Lakini hata hapo utakuwa umekwama porini na jamaa yako.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua kama gari lako lina mkanda au lina cheni. Usiliulize jina la gari, uliza namba ya injini. Fungua boneti usome bamba. Injini ya 1NZ, iliyo katika Probox na Fielder nyingi tunazoziona mjini, ina cheni ya chuma. Cheni haibadilishwi kwa ratiba kama mkanda. Inachotaka ni oili safi kwa wakati wake, na ikianza kupiga kelele unapowasha gari asubuhi, mwite fundi. Kwa upande mwingine, injini ya EJ20 ya Subaru ina mkanda. Kadhalika 1HZ ya Land Cruiser, 3L na 5L za Hiace, 1KZ na 1KD za Prado na Hilux za dizeli, na zile za Corolla 110. Na jina moja laweza kubeba yote mawili: Forester yenye EJ20 ina mkanda, lakini ile iliyokuja baadaye na FB20 ina cheni.

Ukishajua kwamba ni mkanda, hesabu zake ni mbili. Ya kwanza ni kilomita. Watengenezaji wengi wa Ujapani hutaja takriban kilomita 100,000, ingawa injini nyingine hutaka mapema zaidi, na neno la mwisho ni la kitabu cha gari lenyewe. Hesabu ya pili, ambayo wengi huisahau, ni miaka. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto la injini huukausha, na oili ikiuvujia huulainisha na kuuoza. Gari la miaka 12 lililotembea kilomita 60,000 tu, na mkanda wake ni ule wa kiwandani, halina mkanda mpya. Lina mkanda mzee ambao haujachoshwa na safari.

Hapa ndipo gari la mtumba linapomtatiza mnunuzi. Kanuni za Kenya hukataa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo hata lile linaloshuka melini Mombasa leo laweza kuwa limekula sehemu kubwa ya umri wa mkanda wake. Na likishakuwa hapa hupita mikono miwili, mitatu, na karatasi za huduma hupotea njiani. Mita nayo si shahidi wa kutegemewa, maana wapo wanaoirudisha nyuma kwa dakika chache kabla ya kukuonyesha gari.

Je, ushahidi ni upi? Ni risiti ya gereji yenye tarehe, namba ya gari na kilomita za siku hiyo. Ama ni kibandiko ambacho gereji za Ujapani hukigandisha karibu na injini mkanda unapobadilishwa. Mtafute anayesoma maandishi hayo, na uangalie mwaka kwa makini, kwa kuwa Wajapani mara nyingi huhesabu kwa enzi ya mfalme wao: mwaka wa 25 wa Heisei ni 2013. Zaidi ya hapo, "nilibadilisha juzi juzi" si ushahidi.

Wengine watakwambia, "Tufungue kifuniko tuuangalie." Fungueni, si vibaya. Mkiona nyufa, nyuzi zilizochomoza, meno yaliyoliwa au oili, jibu limepatikana. Lakini mkiuona mzima, msishangilie. Mkanda huweza kupendeza machoni na bado ukawa umechoka ndani. Hata ile taa ya T-BELT, ambayo katika Toyota za dizeli huwaka kilomita zinapotimia, huhesabu kilomita tu, na fundi huweza kuizima bila kugusa mkanda.

Kwa hivyo kanuni ninayokupa ni moja: pasipo karatasi, hesabu kwamba mkanda umekwisha siku ile ile unayonunua gari. Usingoje kelele, maana mara nyingi haina kelele. Usingoje mwisho wa mwaka, wala usilipakie familia kwenda mashambani Krismasi kabla kazi haijafanywa.

Najua utasema pesa zote zimeishia kwa muuzaji. Ndiyo maana hesabu hii hufanywa kabla ya kulipa. Uliza bei ya kazi hiyo kwenye maduka mawili matatu ya spea na kwa fundi wako, kisha mwambie muuzaji, "Karatasi ya mkanda haipo, basi tupunguze kiasi hiki." Akikubali, umefaulu. Akikataa, angalau unajua bei halisi ya gari lile. Ulinganishe na gharama ya kufungua kichwa cha injini, au kununua injini nyingine ya mtumba ambayo nayo hujui mkanda wake ni wa lini!

Siku ya kazi usibadilishe mkanda peke yake. Badilisha pia kikaza mkanda na makapi yake, na siili za oili za kranki na kamshafti. Katika injini nyingi pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo. Ikiwa ni kuukuu itoe, kwa kuwa ikikwama mwaka ujao itaukata mkanda mpya, nawe utalipa ufundi mara mbili. Spea nunua mwenyewe kwenye duka litakalokuandikia risiti, ukiwa na namba ya injini mkononi, kwa maana bandia zimejaa. Kabla injini haijawashwa, mwombe fundi aizungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, halafu uone kama alama za taimingi zimerudi mahali pake. Fundi mzuri hatakasirika. Huenda hata umkute amekwisha kufanya hivyo.

Mwisho, omba mkanda wa zamani uende nao. Kisha andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, uigandishe chini ya boneti na uiweke risiti pamoja na logibuku. Karatasi hiyo itakukumbusha zamu ijayo, na siku utakapoliuza gari, yule mzazi mwingine atakayekuja na watoto wake hatalazimika kuamini maneno matupu.