Mipira ya vakyumu ibadilishwe, isikatwe

Pikapu ya miaka ya 80 ikianza kutetemeka kwenye sailensa, mafundi wengi wana dawa moja: kata mpira wa vakyumu, ziba kwa skrubu, mpe mwenyewe aondoke. Ni dawa ya bei rahisi. Sisi tunaipinga, na tunaipinga zaidi ikitumika hapa Kibagabaga, Kigali, ambako hata safari ya sokoni ni kupanda na kushuka.

Tuanze na hewa yenyewe. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300, geji ya vakyumu hushuka takriban inchi moja ya zebaki. Injini nzima ya petroli inayosoma 18 hadi 20 Mombasa, hapa itasoma 13 hadi 15, na hakuna kilichoharibika. Fundi asiyejua hilo huanza kusaka ugonjwa usiokuwepo, mara kabureta iko mezani vipande vipande. Zito zaidi ni suala la breki. Busta ya breki husukumwa na tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu iliyo ndani yake, na kwenye injini ya petroli tofauti hiyo huku kwetu imeshapungua kwa karibu robo. Mpira ukipata ufa ambao dereva wa pwani angeishi nao miezi, dereva wa Kigali anaanza na akiba ndogo tangu mwanzo.

Wenye dizeli wasijione wamepona. Injini zao hutegemea pampu ya vakyumu, ambayo mara nyingi imefungwa nyuma ya alteneta. Canter nyingi za zamani hutumia vakyumu hiyohiyo kufungia breki ya egzosti. Mpira unaotoka kwenye pampu ukipasuka, dereva aliyebeba matofali anakosa msaada wa busta na breki ya egzosti kwa mpigo mmoja, tena akiwa anashuka bonde la kuelekea Nyarutarama.

Hatusemi kila mpira lazima ubaki. Gari la zamani huwa na mipira inayokwenda kwenye vifaa vilivyokufa zamani, na hiyo inaweza kutolewa, mradi tundu la kila mmoja kwenye manifoldi lifungwe kwa kifuniko cha mpira na klipu, maana skrubu hulegea kwa mtetemo. Ule wa distribyuta usiguswe: ukiukata, gari linapoteza nguvu na kunywa mafuta. Valvu inayorudisha moshi kwenye injini nayo ina kazi yake, kupunguza joto la mwako. Anayeiziba hupata injini inayogonga kilimani, kisha analaumu petroli.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Badilisha mpira mmoja kwa wakati: toa wa zamani, pima upana wa tundu lake la ndani, kata mpya wa urefu uleule, rudisha, ndipo uguse wa pili. Anayeng'oa yote kwa pamoja bila kuweka alama atamaliza siku akikisia. Mpira wa busta ununuliwe ule mnene wa busta. Wa maji hubonyea ukinyonywa, na dereva hujua hilo mguu ukiwa tayari kwenye pedali. Valvu ndogo ya upande mmoja iliyo kwenye mpira huo isitupwe kamwe. Ndiyo inayohifadhi vakyumu ya kukanyaga breki mara moja au mbili injini ikizimika.

Rwanda ina sheria ya ubora wa hewa tangu 2016, na upimaji wa moshi ulikazwa 2025. Ni jambo jema, lakini moshi ni sehemu tu ya habari. Wakaguzi wa polisi wafungue boneti, na gari lenye mpira wa busta uliozibwa, kupasuka au kufungwa kwa utepe lirudishwe nyumbani bila cheti, hata kama moshi wake ni safi.

Nawe mwenye gari, jipime kesho asubuhi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, uiache chini ya mguu, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, usishuke mlima. Mwite fundi aje hapo ulipo.