Panya Naye Aliumbwa na Mungu



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amesikia kwamba vipo visiwa ambako watu humwaga sumu ya panya kwa helikopta ili ndege wapone. "Baba Paroko," akasema, "kwani panya hakuumbwa na Mungu?" Wengine walicheka, maana sote twajua panya hutendewaje ghalani. Lakini swali lake ni la haki, nami nitalijibu kwa mfano wa jirani zetu wa Bahari ya Hindi, yaani Shelisheli.

Huko yuko ndege mweusi mwenye baka jeupe katika kila bawa, ambaye wenyeji humwita kwa Krioli pi santez. Hapatikani penginepo duniani. Hutafuta wadudu chini, kwenye majani makavu. Hana woga mwingi, na kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Hakujua kujihami na paka wala panya, kwa kuwa hao waliletwa na vyombo vya wanadamu. Katika miaka ya 1960 walisalia ndege wapatao 15 tu, wote katika kisiwa cha Frégate, chenye eneo la kilomita za mraba 2 hivi.

Mwaka 1995 panya wa kahawia walionekana Frégate. Jaribio la kwanza la kuwaondoa halikufanikiwa. Mwaka 2000 kazi ilianzwa upya: ndege hao walikamatwa kwanza na kuhifadhiwa katika vizimba, ndipo helikopta ikatawanya chambo chenye sumu kisiwani kote. Haikufaa kuacha hata pembe moja, maana wakibaki panya wawili tu, dume na jike, kazi yote ni bure. Safari hii panya wakatoweka.

Tusifiche ukweli: sumu hiyo huzuia damu kuganda, na mnyama hufa baada ya siku kadhaa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Si kifo chepesi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2418) inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kama hakitufai sisi kwa lolote. Basi panya si shetani. Hakukusudia uovu alipofika kisiwani. Sisi ndio tuliombeba.

Kwa nini basi nasema kazi ile ilikuwa halali? Kwa sababu kutotenda nako ni kuchagua. Kumwacha panya Frégate kulikuwa kuhatarisha aina nzima ya ndege, ilhali panya wa kahawia wamejaa duniani kote. Tena, aliyeleta hasara ndiye mwenye deni. Mtu aliyeiba ng'ombe wa jirani, akaja kuungama bila nia ya kumrudisha, majuto yake bado hayajakamilika. Nasi hatuwezi kuisikitikia Frégate huku tukiuacha mzigo tulioushusha uendelee kuila.

Lakini malipizi yana masharti yake: pasiwepo njia nyingine iliyo nyepesi, wasiohusika walindwe, na mlango ufungwe nyuma yetu. Sharti hili la mwisho ndilo tunalolisahau. Katika kisiwa cha Denis panya walipigwa sumu mwaka huo huo wa 2000, wakaonekana tena, na ikabidi kazi irudiwe mwaka 2002. Kila kazi inaporudiwa, wanyama hufa upya. Kukagua magunia na mashua kabla ya kushusha shehena ni huruma kubwa kuliko sumu yoyote.

Leo pi santez wanaishi pia Cousin, Cousine, Aride na Denis, walikohamishiwa kwa mikono ya watu. Na tusidhani habari hii ni ya mbali. Kunguru wenye shingo ya kijivu wanaosumbua pwani yetu waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wapunguze taka. Nao ni deni letu.

Kwa hiyo, mama yangu, nakujibu: ndiyo, panya naye aliumbwa na Mungu. Ndiyo maana anayelazimika kumwua hapaswi kucheka, na anayeweza kuzuia asifike kisiwani asizembee.

Nawatakieni nyote Dominika njema.