Pumzi Adimu Kando ya Kivu
Tangu Agosti 2022, yalipoingia wilaya ya Rubavu nchini Rwanda mashindano ya Ironman 70.3, mkimbiaji wa ridhaa, akiisha kuogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu na kuendesha baiskeli kilomita 90, hulazimika kutimiza kilomita 21.1 kwa miguu mjini Gisenyi, mahali palipo takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambapo pumzi ya mtu wa Mombasa, hata awe hodari kwao, huwa adimu kama dirhamu mfukoni mwa fakiri. Wasifiwe washindi, hapana shaka. Ama mimi taadhima yangu naiweka kwa karani au mwalimu ajaye nyuma kabisa, asiyetarajia ujira wala zawadi, na ambaye Jumatatu asubuhi, magoti yakimlalamikia, yuko kazini.