Petroli ya Bei ya Juu



Juma lililopita alinijia ofisini kijana mmoja, mwendesha bodaboda hapa Kariakoo, kutaka cheti chake cha ubatizo. Wengi wenu mna watoto wenye kazi hiyo mjini, basi yafaa mlisikie neno lake. Mama yake kijijini amengoja fedha za sare za wadogo zake miezi miwili. Nikamwuliza, fedha zaenda wapi? “Karani, pikipiki imekuwa nzito. Sasa naitilia petroli ya bei ya juu ipate nguvu.”

Tukapiga hesabu. Tuseme petroli hiyo yazidi ile ya kawaida kwa shilingi 200 kila lita, naye hutumia lita 3 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 15,600.

Amenunua nguvu gani? Namba ile ya petroli, iitwayo okteni, si kipimo cha nguvu. Yaonyesha tu petroli yaweza kubanwa kiasi gani ndani ya silinda bila kuwaka kabla ya wakati wake. Injini yenye mbano mkubwa, kama za magari fulani ya fahari, ikipewa petroli ya namba ndogo hugonga na mwisho huharibika. Mwenye gari la namna hiyo na alipe. Kitabu cha gari kitamwambia. Pikipiki ndogo ya kubebea abiria haina mbano huo. Tena kijana huyu kutwa yumo katika foleni ya Mtaa wa Msimbazi, nyuma ya mikokoteni! Hata simba hapo angetembea polepole.

Akasema pia aogopa petroli ya kawaida iliyochanganywa na mafuta ya taa. Udanganyifu huo ulikuwapo kweli, ndiyo sababu mwaka 2010 serikali ilianza kutia kinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Lakini kinga ni kununua kituoni na kudai risiti, si katika chupa za kando ya njia, ambako yeye hununua akichelewa usiku!

Na ule uzito? Tulikwenda kwa fundi. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi tupu, na tairi la nyuma halina upepo. Chujio jipya halikufikia tofauti ile ya nusu mwezi.

Sare bado hazijashonwa, ila kitambaa kimekwisha kununuliwa.