"Ndio Mzee": juu gani wimbo wa 2001 haujazeeka

Mwaka 2001, Professor Jay, msanii wa Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alitoa albamu "Machozi Jasho na Damu". Ndani yake kuna wimbo "Ndio Mzee": mgombea anasimama mbele ya raia na kuahidi vitu ambavyo hata mtoto anajua haviwezekani. Kwa kila ahadi, watu wanaitikia ndiyo.

Midundo ya leo ni mingine, lakini wimbo huu bado unasikilizwa, na bado unauma. Wengi wanasema unawacheka wanasiasa. Ni kweli, ila ukisikiliza vizuri, unawagonga raia pia. Katika umati ule hakuna hata mmoja anayeuliza: lini, na kwa franga za wapi?

Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe aliomba kura, akachaguliwa mbunge wa Mikumi kupitia CHADEMA. Mwaka 2020 akapoteza kiti. Hapo wimbo haukufa, ulipata nguvu zaidi: aliyeuimba naye alibidi asimame mbele ya watu wenye haki ya kumuuliza.

Huku RDC raia walipiga kura tarehe 20 Desemba 2023, na uchaguzi mwingine unangojewa 2028. Mgombea akipanda Rurambo kuahidi barabara na maji, kabla ya makofi aulizwe kwanza: kazi itaanza mwezi gani, franga zitatoka wapi, na nani atarudi huku milimani kutoa hesabu? Asiyeuliza leo, kesho asilalamike peke yake.