Korongo wawili, taji moja

Mfanyabiashara anayevuka Nimule kwenda Sudan Kusini anaweza kudhani korongo taji wote ni ndege mmoja. Sivyo. Jenasi yao ni moja, Balearica, lakini spishi ni mbili. Yule aliye kwenye bendera ya Uganda ana shingo ya kijivu. Mwenzake wa kaskazini, kuanzia Senegal hadi Ethiopia, ana shingo nyeusi.

Kwa daraja za shirika la uhifadhi la IUCN, mweusi aliingizwa mwaka 2010 miongoni mwa ndege walio mashakani. Huyu wetu tuliyemzoea mashambani yuko pabaya zaidi: tangu 2012 amo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Vinamasi anamotaga vinakaushwa kwa kilimo, na vifaranga vinakamatwa viuzwe kuwa pambo la uani. Hapo ndipo sisi wa mpakani tunapohusika. Nawe ndugu unayerejea nyumbani, usimnunue kwa kuikumbuka nchi yako. Aliyekatwa manyoya ya mabawa hawezi kuruka kurudi kinamasini kuzaa. Mnunuzi akikosekana, mtegaji naye atatafuta kazi nyingine.