Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: Wahesabuni na watoto walioishia njiani

Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma.
Nakala: Maafisa Elimu wa Jiji, Awali na Msingi, na Sekondari.

YAH: KIPIMO CHA MAFANIKIO YA SHULE ZETU

Ndugu Mkurugenzi, nakuandikia kutoka Kata ya Nzuguni.

Matokeo ya mitihani yakitoka, wazazi tunarushiana majedwali kwenye simu na kwa siku kadhaa hatuna mazungumzo mengine ila asilimia. Shule iliyopanda inapongezwa, iliyoshuka inatafutiwa mchawi. Naandika kukuomba jambo moja: vikao vya tathmini ya elimu vya jiji vianze na swali jingine. Kabla ya kuuliza wamefaulu wangapi, muulize watoto walioandikishwa pamoja darasa la kwanza wako wapi leo.

Sababu yangu ya kwanza ni ya hesabu tu. Tuseme shule iliandikisha watoto 100, wakaingia chumba cha mtihani 60, wakafaulu 54. Kwenye jedwali shule hiyo ina ufaulu wa asilimia 90, na mwalimu mkuu atapigiwa makofi. Wale 40 hawamo popote. Baadhi yao wamehama na wazazi wao, jambo la kawaida katika kata inayopokea wageni kama yetu. Lakini kuna aliyerudishwa nyumbani kulea wadogo zake, kuna anayechunga, kuna anayeuza maji ya chupa stendi saa nne asubuhi wakati wenzake wako darasani. Kipimo kinachowaacha hao nje kinaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku shule ikizidi kupoteza watoto, na hakuna atakayeshtuka.

Hili si la kufikirika, kwani nchi yetu imeshalipitia. Baada ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, Serikali ilileta mpango wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013. Shule zikapangwa kwa nafasi, kitaifa na ndani ya kila wilaya, zikapewa na rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walifuatilia kilichotokea kwenye shule za msingi. Waliona mema, na ni haki kuyasema: shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha matokeo. Waliona na jambo la pili. Shule zilizobanwa na nafasi hizo zilipunguza watoto waliofika darasa la saba. Yaani watoto walioonekana kuwa mzigo waliachwa nyuma makusudi ili jedwali lipendeze.

Sisemi kwamba walimu wetu ni watu wabaya. Mwalimu anayepimwa kwa namba moja tu atailinda namba hiyo, na anayepaswa kulaumiwa ni aliyechagua kipimo. Baraza la Mitihani lenyewe liliona kasoro ya mashindano haya. Januari 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, likieleza kuwa utaratibu ule haukuwa na tija na ulikuwa ukizitangaza shule kibiashara. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ila nafasi zilizofutwa kitaifa hazina budi kufutika na kwenye vichwa vyetu huku chini, katika halmashauri, katika kata na majumbani.

Dodoma ina sababu ya kulitazama hili mapema kuliko wengine. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu 410,956, na ile ya 2022 ikakuta 765,179. Nzuguni imebeba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo: stendi kuu ya mabasi iko kwetu, Soko la Job Ndugai liko kwetu, na viwanja vilivyokuwa mashamba vimejaa nyumba. Kwenye dawati moja anakaa mtoto wa mtumishi aliyehamia na wizara kutoka Dar es Salaam, mtoto wa mkulima wa Kigogo ambaye babu yake alilima uwele papa hapa, na mtoto wa mchuuzi aliyefika juzi na mabegi mawili. Shule inayowapokea wote watatu, ikawafundisha kuheshimiana na ikawafikisha wote mwisho, imefanya kazi kubwa. Jedwali la ufaulu haliioni kabisa kazi hiyo.

Nije kwenye chakula, kwa maana hapa ndipo watu wa mkoa huu tunapoelewana bila tafsiri. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Shule zinafunguliwa Januari, wakati ghala za nyumbani zimepungua na mavuno bado miezi kadhaa. Miaka ya nyuma Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likilisha wanafunzi katika wilaya kame za mkoa huu. Sasa chakula cha mchana kinategemea michango ya wazazi, na Serikali imetoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni. Vizuri. Lakini katika vikao vingi tunavyokaa, kinachosomwa ni orodha ya waliochangia. Mimi ningependa kisomwe kitu kingine: wangapi walikula leo, na je, yule ambaye mama yake hakuweza kuleta debe la mahindi alikula au alikaa chini ya mti akiwatazama wenzake? Shule iliyotafuta njia ya kumlisha mtoto huyo bila kumwaibisha inastahili kutajwa mbele ya Baraza la Madiwani. Kwangu mimi hilo ni fanikio la elimu sawasawa na daraja la kwanza.

Vivyo hivyo kwa wasichana. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito. Kila shule ya sekondari ya jiji ingeweza kueleza wangapi wamerudi na wangapi kati yao wamemaliza. Binti anayerudi darasani na mtoto yuko nyumbani kwa bibi huenda asipate alama za kupandisha wastani wa shule. Kama wastani ndio unaotawala, mkuu wa shule ana sababu ya kutomtaka. Mkihesabu waliorudi, mtampa sababu ya kumfuata hadi nyumbani kwao.

Najua nitaulizwa: maadili, kama huko kuheshimiana nilikokutaja, yanapimwaje? Yamekwisha kupimwa, na Waafrika Mashariki wenyewe. Mwaka 2022 mradi wa ALiVE ulipita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, Bara na Zanzibar, ukiwapima vijana wa miaka 13 hadi 17 katika kujitambua, ushirikiano, utatuzi wa matatizo na heshima. Kabla ya hapo watafiti wa tathmini ya Uwezo walikuwa wakiwafuata watoto majumbani na hadithi fupi ya darasa la pili, na kwa sababu walikwenda nyumbani waliwakuta hata wasiokwenda shule. Njia ipo.

Hata hivyo nina tahadhari, na naiona nzito. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka anayeingia chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza na awe na barua ya kuthibitisha mwenendo wake kutoka kazini na kwenye Chama. Nia ilikuwa njema, ikitokana na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967, lakini tabia ya mtu ikawa mikononi mwa wakubwa wake. Tusirudie. Mtoto asipewe alama ya heshima na mwalimu mmoja ikamfuata maisha. Anayepimwa awe shule: inawatunzaje watoto, inawasikilizaje wazazi, je, wanafunzi wanaiona ni mahali salama, je, fimbo imetangulia maneno? Wathibiti ubora wa shule tayari huangalia uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii. Taarifa zao zinaweza kuandikwa kwa lugha nyepesi na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za mitaa.

Wala siombi mtihani ufutwe. Mtoto wa maskini anauhitaji mtihani kuliko yeyote, maana hana mjomba wa kumpigia simu. Kusoma, kuandika na kuhesabu havina mbadala. Lakini Sera ya Elimu iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma mwaka 2025 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Katika mfumo huo mtoto anayeishia darasa la tano amekosa haki yake, na halmashauri isiyomhesabu haiwezi kusema imefanikiwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba mjaribu kwetu. Iteni kikao kimoja cha kamati za shule, walimu, wenyeviti wa mitaa na wazazi wa Nzuguni. Tukubaliane mambo machache ambayo kila shule katika kata itayatolea taarifa kila mwaka pamoja na ufaulu: waliobaki kati ya walioanza, wanaokula mchana, waliorudi, wanaosoma na kuelewa, na jinsi watoto wenyewe wanavyoiona shule yao. Wenyeji na wageni waseme wanachotaka shule iwafundishe watoto wao. Kikao kifanyike kabla shule hazijafunguliwa Januari, na kiwe Jumapili alasiri, ili na akina mama wa sokoni na vijana wa stendi waweze kufika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mkazi wa Nzuguni, Dodoma